Tusiogope kumwona nabii jukwaani

Lugha ya Kiswahili imejaliwa wingi wa majina ya kumwita mtu anayedai kwamba ametumwa na nguvu zisizoonekana kwa macho. Akikubalika, ataitwa nabii, mtume, walii au mtumishi wa Mungu. Akishukiwa, ataitwa mganga, kahini au mpiga ramli. Akichukiwa, ataitwa mchawi, mzushi au laghai. Ajabu ni kwamba mtu mwenyewe huenda akawa yule yule mmoja, na tendo lake likawa lile lile moja. Kinachobadilika ni kinywa kinachomtaja. Sisi tunaofundisha isimu hupenda kuwakumbusha wanafunzi wetu kwamba jina aghalabu ni hukumu iliyokwisha kutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Nimelazimika kulitafakari suala hili upya baada ya kuhudhuria onyesho la tamthilia ya Kinjeketile, iliyotungwa na Ebrahim Hussein, katika ukumbi mdogo ulioko kwenye mtaa mmoja wa mashariki ya jiji la Nairobi. Waigizaji walikuwa tisa, wote vijana wasiolipwa mshahara na yeyote, ambao hufanya mazoezi jioni baada ya shughuli za kuchuma riziki. Hadhira nayo haikuzidi watu themanini, tumeketi kwenye viti vya plastiki vilivyokodiwa. Hapakuwa na pazia, wala taa za rangi, wala vipaza sauti. Hata hivyo, nimeshuhudia maonyesho mengi katika kumbi kubwa zaidi ya huo ambayo hayakuniachia hata nusu ya maswali niliyoondoka nayo usiku ule.

Maswali hayo ndiyo ninayotaka kuyajadili leo, kwa sababu hayahusu sanaa peke yake. Yanahusu namna sisi Wakenya tunavyowasikiliza, tunavyowaamini na tunavyowahukumu watu wanaozungumza kwa niaba ya mbingu.

Kwanza, inafaa tukumbushane historia yenyewe. Kinjikitile Ngwale alikuwa mkazi wa Ngarambe, kusini mwa Mto Rufiji, katika nchi ambayo leo ni Tanzania na ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Kwa mujibu wa simulizi za wazee zilizokusanywa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe na kuchapishwa mwaka wa 1968, mtu huyu alipagawa mwaka wa 1904 na pepo aliyeitwa Hongo, akatoweka ndani ya kidimbwi cha maji, na alipotoka siku ya pili alikuwa mkavu kana kwamba hakuguswa na tone. Tangu hapo akaanza kutoa dawa ya maji yaliyochanganywa na nafaka, na watu wakaamini kwamba aliyeipata dawa ile hangedhurika kwa risasi za Mjerumani. Habari zikaenea kwa siri, mtu akimnong'oneza jirani yake. Wamatumbi waliuita mnong'ono huo kwa jina maalumu, njwiywila. Makundi kwa makundi ya watu yakafunga safari kwenda Ngarambe kuchukua maji.

Watu hao hawakuwa wajinga waliodanganyika bila sababu. Tangu mwaka wa 1902 utawala wa Kijerumani ulikuwa umewalazimisha wanavijiji wa sehemu za kusini na pwani kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa malipo ya senti chache na chini ya mijeledi, ilhali mashamba yao ya chakula yakiachwa magugu. Juu ya hayo palikuwa na kodi. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika Milima ya Matumbi, waling'oa miche ya pamba, na kitendo hicho kikawa ndicho tangazo la vita. Kinjikitile mwenyewe hakuuona mwezi wa pili wa vita hivyo, kwani alikamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Makabila yapatayo ishirini yalijiunga na vita, na tarehe 30 Agosti 1905 mamia ya watu waliangamizwa na bunduki za rashasha walipoishambulia boma la Mahenge. Vita vilipokwisha mwaka wa 1907, baada ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala ili njaa imalize kazi iliyoanzwa na risasi, Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikuwa wamekufa. Wanahistoria wa baadaye wametaja watu kati ya 250,000 na 300,000.

Hiyo ndiyo mali ghafi aliyoichukua Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa wa mwaka wa 1943, alipokuwa bado kijana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia yake ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka wa 1969, na mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri yake mwenyewe. Ni vyema kuutilia maanani utaratibu huo. Katika enzi ambayo waandishi wengi wa Afrika walianza kwa Kiingereza au Kifaransa kisha wakangoja kutafsiriwa, Hussein alianza nyumbani ndipo akatoka nje.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba nimeandika Kinjikitile nilipotaja mtu wa historia, na Kinjeketile nilipotaja tamthilia. Sikukosea tahajia. Mtunzi alitaka mhusika wake achukuliwe kuwa kiumbe cha sanaa, wala asibebeshwe mzigo wa kuwa nakala ya marehemu. Badiliko lake kubwa kuliko yote ni la wakati. Nabii wa historia alinyongwa vita vilipokuwa ndivyo vinaanza, lakini nabii wa jukwaani amerefushiwa maisha hadi auone ushindwe. Mtunzi amemnyima rehema ya kufa mapema. Amemlazimisha asimame mbele ya maiti za wale waliomwamini, na mbele yake mwenyewe, aulize kama alilolisema lilikuwa kweli.

Badiliko la pili linahusu imani ya mhusika huyo. Kinjeketile wa Hussein anapotoka majini anazungumza habari za umoja wa makabila, na watu wanafurahi. Lakini katika ndoto ile ile anatamka kwamba watu watakuwa chini ya Seyyid Said. Baadaye, akili inapomrudia, anashtuka. Iweje ukombozi uwe ni kumtoa bwana mmoja ili aingie bwana mwingine? Tangu hapo anashuku kwamba huenda yule pepo alimghilibu. Anawasihi watu wangoje, nao hawangoji, kwa kuwa neno lake limeshaota mbawa. Mtunzi anamfanya aone kwamba mtu anaweza kulizaa neno, nalo likakua hadi likamzidi nguvu mzazi wake. Sijui mwanaisimu aliyeieleza khatari ya lugha kwa ufupi na uzito zaidi ya huo.

Nirudi sasa ukumbini. Kikundi kidogo hakina budi kuchagua, na katika uchaguzi ndimo inamodhihirika akili ya mwelekezi. Mto mzima wa Rufiji ulikuwa ni ndoo moja ya bati iliyowekwa katikati ya ukumbi. Kinjeketile alipozama, waigizaji wanne walimzunguka wakiwa wameshika kanga za buluu, wakainama naye polepole hadi tukaacha kumwona. Ngoma ilinyamaza kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia, na mtoto mmoja nyuma yangu akamuuliza mamaye kwa sauti kama yule mtu amekufa. Hakuna mtambo wa jukwaa la fedha nyingi ambao ungemfanya mtoto yule aulize swali lile kwa hofu ile.

Mnyapara, kwa upande wake, alipewa Kiswahili cha amri, kile tulichokizoea katika masimulizi ya mashamba ya walowezi wa hapa kwetu: vitenzi vitupu, visivyo na tafadhali wala ndugu, kama kwamba anayeambiwa hana nafsi ya kuambatanishiwa. Wanakijiji walizungumza kwa utulivu, wakiitana mama fulani na baba fulani hata walipogombana. Tofauti hiyo ilieleza ukoloni bora kuliko hotuba. Nilipomwuliza mwelekezi kama hakushawishika kuyageuza mazungumzo yawe ya Sheng ili kuwavuta vijana, alinijibu kwamba alijaribu katika mazoezi, lakini waigizaji wenyewe walikataa. Walisema kwamba maneno ya tamthilia ni mepesi kusema na mazito kusikia, na kwamba wakiyabadili yangekuwa mazito kusema na mepesi kusikia. Vijana hao wangenipunguzia kazi darasani.

Jambo moja la lugha liliichekesha hadhira. Kila lilipotajwa jina la Hongo, watu walicheka, kwa maana kwa Mkenya wa leo hongo ni kile kitu kidogo kinachopitishwa chini ya meza. Zamani neno hilo lilikuwa ni ushuru uliotozwa misafara na watemi wa bara ili iruhusiwe kupita, na ni safari fupi tu kutoka ushuru hadi rushwa. Pepo wa Rufiji ana jina lake na asili yake, wala sidai kwamba maneno haya mawili yana ukoo mmoja. Ninachosema ni kwamba kicheko kile kilikuwa na faida yake. Katika sehemu ya kwanza watu walicheka kwa sauti. Katika sehemu ya tatu, Kinjeketile alipoanza kujiuliza kama Hongo amemuuza, hakucheka mtu hata mmoja.

Kisha pakaja kitendo cha kugawa maji. Waigizaji walishuka na ile ndoo, wakapita kati ya viti wakitunyunyizia matone machache. Nilitazama nyuso. Kijana mmoja alikinga viganja vyote viwili kama mtu apokeaye sadaka. Mzee mmoja aliyevaa koti alijikunyata akajiondoa pembeni. Wengine walicheka kwa haya. Papo hapo tuligawanyika kama walivyogawanyika watu wa Matumbi, wenye kuamini, wenye kushuku, na wenye kufuata mkumbo ili wasionekane tofauti. Hili ndilo linalofanywa na ukumbi mdogo na lisiloweza kufanywa na ukumbi wa watu elfu. Katika ukumbi mkubwa unaitazama imani ya watu wengine. Katika ukumbi mdogo maji yanakufikia.

Onyesho hili lilikaribia kutofanyika. Kikundi kilikuwa kimeahidiwa ukumbi mwingine, ulio chini ya kamati ya nyumba moja ya ibada ambayo sina haja ya kuitaja. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, kamati ilibatilisha ahadi. Sababu iliyotolewa ni kwamba mchezo wenyewe ni wa mganga na mapepo, na kwamba haifai vijana wafundishwe mambo hayo mahali panapoombewa. Sina nia ya kuwakejeli watu waliofikiri hivyo, kwani wana haki ya kutunza nyumba yao. Lakini waligoma kuona kwamba walikuwa wakirudia, neno kwa neno, hukumu iliyotolewa na maafisa wa Kijerumani mwaka wa 1905. Maafisa hao walipendelea kusema kwamba vita vilichochewa na wachawi, maana kama chanzo ni uchawi, basi si pamba, si kodi, wala si mijeledi. Neno moja, mchawi, liliwaondolea wajibu wa kujibu maswali yote mengine.

Pingamizi lililo zito zaidi lilitoka kwa mama mmoja baada ya onyesho, vijana walipotukaribisha tuseme tuliyonayo. Alisimama akasema kwamba yeye ni mtu wa Malindi, na kwamba baada ya mambo ya Shakahola haoni ni kwa nini tuendelee kuwapamba manabii waliowapeleka watu kaburini. Ukumbi ulinyamaza. Hakuna Mkenya asiyeyakumbuka yaliyofichuliwa mwaka wa 2023 katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, ambamo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto, ya watu walioambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Mola wao.

Kijana aliyeigiza nafasi ya Kitunda ndiye aliyemjibu. "Lakini mama," akasema, "sisi hatukumpamba. Mimi nimesimama mbele yake nikamwambia aseme ukweli." Mama yule akamtazama kwa muda, kisha akasema: "Ulimwambia, mwanangu. Wa kwetu hawakupata wa kuwaambia." Akaketi.

Nimeyawaza maneno hayo kwa siku nyingi, na naamini kwamba ndani yake mna hoja ya kutosha kumtetea Kinjeketile jukwaani, ingawa mama yule hakukusudia kumtetea. Walichokosa watu wa Shakahola, pamoja na chakula, ni mahali pa kuuliza. Mahubiri ya aina ile ni mazungumzo ya upande mmoja: mmoja hutamka, wengine huitikia, na anayeuliza huhesabiwa kuwa ameasi. Tamthilia kwa maumbile yake haiwezi kuwa hivyo. Haikamiliki bila mtu wa pili. Nabii akipanda jukwaani hulazimika kuwa na mke anayelalamikia njaa, rafiki anayeshuku, adui anayemdhihaki, na hadhira iliyo huru kusema kesho yake kwamba hakusadikisha. Mimbari humtenga nabii na maswali, ilhali jukwaa humrudisha katikati yake. Kwa sababu hiyo, nchi iliyojeruhiwa na manabii wa uongo inauhitaji mchezo kama huu kuliko nchi yoyote nyingine.

Hata hivyo, sitaki kurahisisha mambo. Sehemu ya mwisho ya tamthilia inamkuta Kinjeketile gerezani pamoja na Kitunda. Anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hoja yake, kwa maelezo yangu, ni kwamba akikana, adui ataieneza habari hiyo kila mahali, na watoto wa kesho wataamini kwamba kupigania haki kwenyewe kulikuwa upumbavu. Vijana wengi waliokuwapo walimshangilia kwa kukataa huko, na mimi naufahamu msingi wa shangwe yao. Lakini siwezi kuungana nao moja kwa moja.

Tulitazame suala hili kwa jicho la lugha. Katika neno lile moja, maji, zilikuwa zimefungamana maana mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba risasi haitadhuru, na hiyo ilikuwa uongo ulioua. Ya pili ilikuwa kwamba Mmatumbi, Mngoni, Mpogoro na Mzaramo wanaweza kuwa kitu kimoja, na hiyo ilikuwa kweli ambayo hawakuwahi kuiona kabla ya hapo. Msiba wa Kinjeketile ni kwamba hakupata lugha ya kuzitenganisha maana hizo. Akiikana ya kwanza, ataiua ya pili. Akiilinda ya pili, ataendelea kuiuza ya kwanza kwa wale ambao bado wamo vitani. Tunaomshangilia tukumbuke kwamba hata katika historia maji hayakukoma pale aliponyongwa nabii. Wajumbe wengine waliyasambaza hadi Mahenge na Ungoni, na watu waliendelea kuikabili rashasha wakiyaamini. Kunyamaza kwa shujaa kuna gharama, na aghalabu gharama hiyo hulipwa na watu ambao majina yao hayamo katika orodha ya wahusika.

Mtunzi hakutuamulia suala hili, na sidhani kwamba ni udhaifu wake. Aliacha mlango wazi ili kila kizazi kiingie na mzigo wake. Kizazi cha mwaka wa 1969 kiliingia na furaha ya uhuru na maazimio ya ujamaa, kikamwona mkombozi. Sisi tunaingia tukitoka Shakahola, na tunamwona pia mtu aliyeshindwa kulirudisha neno lake. Wote wawili wamo katika maandishi yale yale. Wajerumani nao wameingia kwa mlango wao, kwani tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mahali waliponyongwa viongozi wa Wangoni mwaka wa 1906, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na taifa lake. Imechukua zaidi ya karne moja kwa upande mmoja kulipata neno lake la kusema.

Na sisi je? Mwaka ule ule wa 1905 ambao Kinjikitile alinyongwa mwezi Agosti, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliuawa kwa risasi na afisa wa Kiingereza tarehe 19 Oktoba, katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani. Viongozi wawili wa dini za jadi, kila mmoja upande wake wa mpaka uliochorwa na wageni, katika muda wa miezi mitatu. Miaka michache baadaye Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wao kwa Mwingereza, na mwaka wa 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Elijah Masinde na Dini ya Msambwa walifungwa na wakoloni, kisha Masinde akafungwa tena na serikali ya watu weusi. Hao ni wahusika ambao mtunzi yeyote duniani angewalilia. Tumewawekea sanamu na kuwapa majina ya barabara, lakini ni mara chache mno tumewapa jukwaa la kuulizwa maswali. Sanamu haijibu.

Najua tunayo sababu ya kihistoria ya kuogopa. Taifa hili lilishuhudia mwaka wa 1977 serikali ikiuondoa mchezo wa Ngaahika Ndeenda katika jukwaa la wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, na mwaka wa 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Waliotoa amri zile walifahamu kitu ambacho sisi tumekisahau, yaani kwamba mchezo unaochezwa na watu wa kawaida, kwa lugha wanayoielewa, karibu na mahali wanapoishi, una nguvu. Leo hakuna haja ya kulibomoa jukwaa la namna hiyo. Linakufa lenyewe kwa kukosa pa kukaa.

Kwa mintarafu hiyo ninayo mapendekezo machache, wala si ya gharama kubwa. Kumbi za kijamii ambazo sasa ziko mikononi mwa serikali za kaunti zisikodishwe kwa harusi na mikutano ya siasa pekee. Ziwe na angalau jioni moja kwa mwezi ya vikundi vya michezo, kwa ada ambayo kijana asiye na kazi anaweza kuilipa. Walimu wa fasihi nao waache kuifanya tamthilia kuwa kitabu cha kukaririwa kwa ajili ya karatasi ya tatu ya mtihani. Nimewapokea chuoni wanafunzi waliopata alama za juu katika maswali ya Kifo Kisimani, Mstahiki Meya au Kigogo, ambao hawajawahi hata siku moja kuyasikia mazungumzo hayo yakitoka katika vinywa vya watu wazima waliosimama. Hiyo ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea ubaoni. Ikiwa shule haina ukumbi, ina kivuli cha mti na ndoo ya maji.

Na viongozi wa dini, ambao naandika haya nikiwaheshimu, nawaomba wasiwe wa kwanza kuufunga mlango. Kama kuna watu wanaopaswa kumjua Kinjeketile barabara, ni wao. Kila wiki wanasimama mbele ya watu wenye njaa, madeni na maradhi, nao wanatamka maneno ambayo watu hao wataondoka nayo na kuyafanyia kazi wasipokuwapo. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Afadhali basi mwenye kuyabeba aone kwanza, katika ukumbi mdogo na kwa tikiti ya bei nafuu, yanavyoweza kumwagika na yanavyowafikia watu ambao hakuwakusudia.